Tairi la Shilingi Tatu

"Mama mdogo, hili tairi ni shilingi tatu?" Mtoto wa dada alikuwa ameweka kidole ubavuni mwa tairi la pikipiki, penye maandishi 3.00-17. Nikamweleza kwamba tatu ni upana na kumi na saba ni kipenyo cha rimu, vyote kwa inchi. Hakuridhika. Shilingi tatu ilikuwa tamu zaidi.

Mimi akili ilishanirudisha Manyoni, uani kwa mjomba, asubuhi ile ya kurudi shule. Tairi la nyuma limelala chini, basi la Dodoma halimsubiri mtu, na fundi pancha yuko ng'ambo ya barabara, kompresa yake inanguruma tunaisikia. Shida ni kwamba Jumapili mjomba alikuwa ameirudisha barua ya huyo fundi ya kumposa dada. Hukatai posa Jumapili ukapeleka pancha Jumanne.

Basi akafungua gurudumu mwenyewe. Maji yalikuwa ya kununua kwa dumu, kwa hiyo hatukuweka beseni la kutafutia mapovu. Mjomba aliipitisha tyubu taratibu karibu na midomo mpaka akausikia upepo. Akapapasa ndani ya tairi kwa kitambaa, akang'oa mwiba wa mgunga. Msasa, gundi, akaiacha ikauke kidogo, kiraka. Mpaka hapo sina neno naye.

Kurudisha tairi ndiko kulikotutoa jasho. Upande wa mwisho uligoma. Kila akikandamiza kwa bisibisi nilikuwa nafumba macho, maana ncha ikiibana tyubu kwenye rimu, unatoboa matundu mapya na kuanza upya. Dada alikuwa mlangoni, ameshika begi langu, haongei.

Sikumwona fundi akivuka barabara. Nilisikia tu, "Shikamoo mzee." Mjomba akaitikia marahaba bila kuinua kichwa. Yule kijana akapiga magoti juu ya tairi, upande wa mkabala na bisibisi, akausukuma ukingo kwa magoti mpaka ukadumbukia kwenye bonde la katikati ya rimu. Upande wa mjomba ukalegea. Mjomba akaitazama bisibisi, akaiweka chini, akaingiza tairi kwa vidole gumba. Hakuna aliyesema kitu. Kijana akajipangusa vumbi, akarudi kwenye kompresa yake. Mjomba akajaza upepo kwa pampu ya mkono, kwa hasira nadhani, mpaka tairi likawa gumu kama jiwe.

Basi tulilipata. Harusi ikawa baada ya mavuno.

Mwaka juzi nilimuuliza mjomba kama ni lile tairi lililomlainisha. Akasema barua ya pili ilikuja na ng'ombe wengi zaidi, basi. Na hadi leo akipata pancha anaziba mwenyewe uani. Mkwe hatumwi, anasema, na mkwe mwenyewe amesimama pembeni, kashika pampu.