Nilivyoweka kompyuta kwenye Corolla ya 1994

Corolla yangu, AE100 ya mwaka 1994, ilikuja kutoka Japani na redio inayoanzia 76 na kuishia 90 FM, kwa kuwa wakati huo huko ndiko masafa yao yalikuwa. Huku kwetu masafa yanafika 108, kwa hiyo stesheni nyingi za Arusha zilikuwa zinanipita. Wengi hufunga kile kiboksi cha kushusha masafa, wakazoea namba za uongo kwenye kioo cha redio. Mimi nikaona kama dashibodi inafunguliwa, basi redio yote itoke.

Ndani nimeweka Raspberry Pi 4, yaani kompyuta ndogo ya bodi moja, skrini ya kugusa ya inchi 7, kipokea mawimbi cha USB aina ya RTL-SDR cha kushika FM, na GPS ya USB. Nilivinunua Kariakoo, vikapanda na basi. Programu ni sehemu nyepesi, wala siisemei sana.

Kazi iko kwenye umeme. Betri ya gari tunaiita volti 12, lakini injini ikiwaka altaneta inaipandisha hadi 14 na kitu, na ukipiga selfu inaweza kushuka chini ya 10. Bodi yenyewe inataka volti 5 zisizoyumba, na ampea 3. Kwa hiyo kishusha volti lazima kiwe cha kuvumilia kupanda na kushuka huko. Chaja ya simu ya kuchomeka kwenye tundu la sigara haitoshi, hata muuzaji akiapa.

Halafu kuna suala la kuzima. Nilipompelekea michoro yangu fundi umeme mmoja wa mtaa wa Unga Limited, hapa Arusha, aliitazama kidogo tu akasema, "Kaka, ukiunga kwenye waya wa swichi, kila ukizima gari ni sawa na kuichomoa hiyo kompyuta ghafla. Ukiunga betri moja kwa moja, Jumatatu utatafuta watu wa kukusukuma." Na ukweli ni kwamba memori kadi ikikatiwa umeme katikati ya kuandika, mfumo unaweza kuharibika.

Tukaweka rilei yenye saa, yaani swichi inayoendeshwa na umeme. Swichi ikifunguliwa, rilei inashika na bodi inawaka. Swichi ikifungwa, rilei inaendelea kushika kwa dakika moja, kisha inakata kabisa. Bodi inajuaje? Waya mwembamba kutoka kwenye swichi unapita kwenye rezista mbili zinazoshusha volti hadi chini ya 3.3, maana pini za Pi hazivumilii zaidi ya hapo. Pini ikisoma sifuri, kompyuta inajifunga yenyewe. Pia kuna fyuzi karibu kabisa na betri, na waya wa kiwandani hatukukata hata mmoja.

Spika zilikuwa na mluzi unaopanda kila nikikanyaga mafuta. Fundi aliunga ethi ya amplifaya na ya kompyuta kwenye bolti moja ya bodi ya gari, mluzi ukaisha.

Gari la namna hii halina tundu la OBD-II, lile la kusomea taarifa za injini, hivyo mwendo nausoma kwa GPS, na hapo ndipo kifaa kilipoanza kulipa. Barabara ya Moshi ina vibao vya 50 kila penye makazi: Tengeru, Usa River, Maji ya Chai, Kikatiti, na kuendelea hadi Boma Ng'ombe. Ramani za OpenStreetMap niliziweka ndani zifanye kazi bila bando, ila vibao nimevirekodi mwenyewe, kila upande orodha yake, kwa sababu kibao cha kwenda hakiko pale kilipo cha kurudi. Zikibaki mita 300, spika inalia. Trafiki wenye tochi za kupimia mwendo wako kazini kwao, sina ugomvi nao.

Orodha yangu inaishia Moshi mjini. Nikivuka kwenda Himo, naangalia vibao kwa macho kama madereva wengine.