Namna ninavyotunza maji ya samaki wa dhahabu hapa Kisumu

Jumamosi moja mwaka uliopita niliosha tangi letu la samaki jinsi ninavyoosha sufuria. Niliwahamisha samaki wanne wa dhahabu kwenye beseni, nikamwaga maji yote, nikasugua kioo kwa brashi, nikasuuza changarawe mpaka maji yakatoka meupe, na sponji ya chujio, kile kifaa cha stima kinachosafisha maji ya tangi, nikaikamua chini ya mfereji hadi ikarudia rangi yake ya buluu. Muuzaji aliyetuuzia samaki alikuwa ametuagiza tufanye hivyo kila wiki, nasi tulimwamini. Tangi liling'aa kweli. Kufikia Jumanne jioni samaki wawili walikuwa wanaelea ubavu, na binti yangu, ambaye ndiye aliyewapa majina, hakutaka kula chakula cha usiku.

Ninaandika haya kwa sababu ushauri uleule bado unatolewa, na wazazi wengi hapa mjini wanaufuata kwa nia njema. Uchafu unaoua samaki hauonekani kwa macho. Maji yanaweza kuwa maangavu kiasi cha kukuwezesha kusoma gazeti lililo upande wa pili wa kioo, na bado yakawa yanamchoma samaki matamvua, yaani viungo vyake vya kupumulia.

Samaki wa dhahabu asili yake ni Uchina, ambako watu walianza kumfuga kwa ajili ya rangi yake zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Hana tumbo la kuhifadhia chakula kama tulilo nalo sisi; anachokula hupita moja kwa moja kwenye utumbo, kwa hiyo hula mara kwa mara na kutoa kinyesi kingi kuliko ungemdhania kwa umbo lake. Juu ya hayo, sehemu kubwa ya taka za mwili wake hutokea kwenye matamvua ikiwa amonia, ambayo ni sumu kwake hata ikiwa kidogo sana. Kinachomwokoa ni bakteria. Kuna bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, nayo nitriti ni sumu vilevile kwa kuwa huizuia damu kubeba oksijeni. Halafu kuna wengine wanaoigeuza nitriti hiyo kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia maadamu haijarundikana. Bakteria hawa hawaelei ovyo majini. Wengi wao hujishikiza kwenye sponji ya chujio na kwenye changarawe, na lile tope la kahawia nililoliona kuwa aibu ndimo walimokuwa wakiishi. Klorini hutiwa kwenye maji ya mfereji ili iue vijidudu, na haichagui vya kuua. Nilipoikamua sponji ile chini ya mfereji niliwaua karibu wote kwa dakika tano, kisha nikawarudisha samaki kwenye maji mapya yasiyo na wa kuyasafisha.

Aliyetuokolea wale wawili waliobaki ni rafiki yangu wa Milimani, ambaye amefuga samaki kwa miaka mingi. Nilipompigia simu hakuniuliza kama nilibadilisha maji, bali aliniuliza kama niliosha sponji. Alikuja jioni hiyohiyo na kipande cha sponji kutoka kwenye chujio lake, cheusi na chenye utelezi, akiwa amekitia katika mkebe wenye maji ya tangi lake, akanisihi nisikisuuze hata kidogo. Alikuwa pia na vichupa vya kupimia maji. Alichota maji yetu kidogo, akadondosha dawa, akatikisa, tukasubiri. Maji yasiyo na amonia hubaki ya manjano. Yetu yaligeuka kijani kilichokolea. Kipande kile tulikibana ndani ya chujio letu, na kwa zaidi ya wiki mbili nikawa nabadilisha robo ya maji kila siku na kupima kila jioni. Siku ya kumi na nane rangi ilibaki manjano, na binti yangu akanibebea kichupa hadi mlangoni ili tukitazame kwenye mwanga wa jua. Anayeanza tangi jipya bila sponji ya namna hiyo anapaswa kutarajia wiki nne hadi nane kabla maji hayajatulia, na ni afadhali sana aanze na samaki mmoja kuliko wanne.

Tangi letu lina urefu wa sentimita 80, upana wa 40 na kimo cha 40, na tukitoa nafasi ya changarawe na ile ya juu hubaki maji kama lita 110. (Vile vibakuli vya mviringo vinavyouzwa pamoja na samaki nisingemshauri mtu yeyote avitumie, kwa kuwa samaki huyu akitunzwa vyema huweza kuzidi sentimita 15, na lita tano za maji huchafuka kabla ya siku kuisha.) Kila wiki nabadilisha lita 40, yaani ndoo mbili. Maji ya mfereji hapa Kisumu hutoka ziwani yakiwa yamesafishwa Dunga, au hutoka Mto Kibos kupitia Kajulu, na kuna siku harufu ya klorini inakupokea mara tu unapofungua. Kwa hiyo Ijumaa jioni najaza mabeseni mawili mapana na kuyaacha wazi hadi Jumamosi jioni, ili klorini itoke na joto la maji lilingane na la tangini. Nikiwa na haraka natumia matone ya thaiosalfeti ya sodiamu, ambayo huiondoa klorini papo hapo.

Kisha nazima chujio na kuchukua mpira wa plastiki wenye urefu wa mita mbili hivi. Naujaza maji kwanza, naziba ncha zote mbili kwa vidole gumba, naizamisha ncha moja tangini na kuiteremsha nyingine kwenye ndoo iliyo sakafuni. Ukiachilia, maji huanza kuvutwa yenyewe. Kazi yenyewe hasa iko kwenye changarawe. Naichomeka ncha ya mpira katikati ya vijiwe hadi iguse kioo cha chini. Vijiwe hupanda kidogo, vikazunguka, na kutoka chini yake huinuka wingu la mashapo ya kahawia lililojificha huko wiki nzima, likaingia mpirani na kuteremka ndooni, huku vijiwe vikirudi mahali pake vikigongana kwa mlio mdogo. Napitia nusu ya changarawe wiki hii na nusu nyingine wiki ijayo, ili nisiwasumbue bakteria wote kwa mara moja. Sponji naigusa kila baada ya wiki tatu au nne tu, na hapo naiminya mara mbili au tatu ndani ya ndoo ya maji yaliyotoka tangini, nikiiacha bado ina rangi ya kahawia. Sabuni haikaribii tangi kamwe, na mikono iliyopakwa mafuta lazima isuuzwe kwanza.

Ukijani unaoota kwenye kioo naukwangua kwa kadi ya benki iliyokwisha muda wake. Mwani huo haumdhuru samaki, na ulipungua sana tulipoliondoa tangi mbele ya dirisha.

Joto la huku ndilo linalonipa wasiwasi zaidi. Samaki wa dhahabu hustarehe katika maji ya nyuzi 18 hadi 22 hivi, ilhali mwezi wa Februari kipimajoto chetu huonyesha 27 ifikapo saa tisa alasiri. Maji ya moto hubeba oksijeni kidogo, na amonia ileile huwa kali zaidi ndani yake. Dada yangu anayeishi Nakuru, mji ulio kwenye kimo cha mita 1,850 hivi na wenye usiku wa baridi, anaweza kuchelewa kubadilisha maji kwa siku mbili tatu asione tofauti. Mimi nikichelewa hivyo samaki wanapanda juu na kuhema midomo ikiwa nje. Stima ikipotea hali huwa mbaya zaidi, kwa kuwa maji yaliyosimama ndani ya chujio huishiwa na oksijeni na bakteria huanza kufa humohumo. Usiku mmoja stima ilipotea kwa saa saba. Binti yangu alikaa kwenye kigoda akichota maji kwa kikombe na kuyamimina tena kutoka juu, kimoja baada ya kingine, ili yachanganyike na hewa, na alipochoka nikashika zamu. Stima iliporudi sikuwasha chujio hadi nilipoitoa sponji na kuisuuza kwa maji ya tangi, maana maji yale yaliyovunda ndani hayafai kusukumwa kwa samaki.

Katika chakula, nawapa kile wanachoweza kukimaliza kwa dakika mbili. Kinachobaki huoza na kuwa amonia, na mgeni mwenye huruma anaweza kuharibu kazi ya wiki nzima kwa kiganja kimoja cha chakula. Mara moja kwa wiki wanapata minji zilizochemshwa na kumenywa, na siku moja hawali kabisa.

Maji machafu ya ndooni namwagia sukuma wiki, kwa sababu nitrati ni mbolea, na mstari unaopata maji hayo una majani mapana kuliko mingine. Jambo moja naomba kwa moyo wote: aliyechoka kufuga samaki hawa asiwaachilie mtoni wala ziwani. Mbuta, yaani sangara, mla samaki wenzake, alitiwa katika Ziwa Victoria miaka ya 1950 na 1960, na aina nyingi za fulu, wale samaki wadogo wa ziwa ambao wazee wetu waliwavua, hazionekani tena. Atafute mtu wa kumpa.

Binti yangu ameniomba mara kadhaa tununue wengine wawili mahali pa wale waliokufa. Juzi tulipima nitrati pamoja, siku moja kabla ya kubadilisha maji, nikamwachia alinganishe rangi na karatasi mwenyewe. Alipata miligramu 40 kwa lita, kiasi ambacho tayari ni kikubwa, akanyamaza kidogo, kisha akasema kwamba basi wabaki hawa wawili.