Jicho la kifuu

Jumanne, usiku

Leo nimerudi nyumbani buibui limelowa mpaka magotini, na mvua haijanyesha. Ni ile kona ya maji darasani kwangu.

Beseni moja, vifuu vitano, kopo la maziwa ya unga, chupa mbili za plastiki. Basi. Nilivipanga asubuhi kabla watoto hawajaingia, na kifuu kimoja nilikichagua makusudi kwa sababu kina tundu pale kwenye jicho la nazi. Watu wanaosema walimu wa maandalizi siku hizi tunakaa tu watoto wakicheza, hilo hawalioni.

Akaja bwana mdogo mmoja wa miaka minne, ambaye tangu skuli zifunguliwe sijamsikia akisema zaidi ya "nataka choo". Akachota kwa kifuu kizima, akamimina koponi. Sita, likajaa. Akalimwaga. Akachukua chenye tundu. Sita, halijajaa. Saba, bado. Akakigeuza, akakichungulia, akakijaza tena na kukiinua juu ya uso wake, maji yakamchirizika shingoni. Mkono wangu ulishatoka kwenda kumpa kile kizima. Nikaurudisha nyuma ya mgongo, nikaushika na mwenzake. Miaka kumi na moja nilisomesha kwa bakora na ubao, watoto arubaini wakiitikia "a, e, i, o, u", na sikumbuki kuchoka kama nilivyochoka dakika tano zile za kunyamaza.

Akaliziba tundu kwa dole gumba. Sita, likajaa. Hakucheka wala hakunitazama.

Utaratibu wetu ni panga, tenda, kumbuka: mtoto anasema atacheza kona gani, anacheza, kisha tunakaa mkekani anasimulia alichofanya. Asili yake ni kwa watu wa HighScope, shirika la elimu ya watoto wadogo kule Ypsilanti, Michigan, na nilipoambiwa hivyo kwenye mafunzo nilicheka moyoni, nikasema haya ya Marekani hayatuhusu. Kumbe walishayapika upya wenzetu wa pwani. Bi Swafiya Said na wenziwe, Mombasa, miaka ya 1980, walianzisha madarasa ya awali yanayokwenda pamoja na mafundisho ya dini, wakatia Kurani, nyimbo zetu, hadithi za bibi, na vifuu badala ya vya kununua dukani. Zanzibar mpango ukaingia 1990, Uganda 1993.

Mkekani nikamuuliza leo kafanya nini. Nilitegemea kimya chake cha kila siku.

"Kina jicho," akasema. "Linalia. Nimelifumba."

Sikuweza hata kumwambia ahsante. Nilijifanya natafuta chaki.

Saa sita akaja bibi yake kumchukua, daftari mkononi.

"Mwalimu wangu, hili nimelinunua mwezi wa kwanza, mpaka leo jeupe. Wa jirani yangu ashaandika mpaka mia."

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Na vifuu vyangu vya kuwashia moto havikaliki jikoni. Nikishakukuna nazi tu, kavichukua, kavificha uvunguni. Nikimuuliza, ananambia ni vya kazi."

Nilimweleza habari ya tundu na dole gumba, kwamba pale pana hesabu, na subira, na maneno pia. Alinisikiliza kwa adabu, kama anavyosikilizwa muuza dawa. Na simlaumu. Siku si nyingi mjukuu wake ataingia darasa la kwanza, atakutana na mwalimu mwenye watoto wengi kuliko madawati, na huyo hatamuuliza habari za vifuu. Atampa penseli. Hofu ya bibi ni ya kweli, nami jawabu kamili sikuwa nalo.

Akaliweka daftari juu ya meza yangu, akamshika mtoto mkono, wakaondoka.

Ninalo hapa. Nimefungua ukurasa wa kwanza, nimeandika tarehe, na chini yake: Kifuu kizima, sita. Chenye tundu, saba, bado. Dole gumba, sita.