Jina la Lemaire Kwenye Barafu

Siku mbili za kuvuka Mlangobahari wa Drake kutoka Ushuaia, Argentina, kwenda Antaktika sina la kuzisimulia, kwa kuwa nilizimaliza kitandani nikitapika, katika chumba kisicho na dirisha ambacho nilikilipia akiba ya miaka sita.

Kilichonishtua ni tangazo la asubuhi moja, kwamba tunaingia katika mlangobahari wa Lemaire. Nilimfuata mwongoza wageni sitahani nikamwuliza ni Lemaire yupi. Akanijibu kwamba ni Charles Lemaire, ofisa Mbelgiji wa Kongo. Mimi ni mzaliwa wa Lubumbashi, na Lemaire ninamjua kuwa ndiye aliyeongoza msafara wa kisayansi wa Katanga, eneo letu la kusini mwa Kongo, kati ya mwaka 1898 na 1900. Katika Belgica, meli ya uchunguzi ya Wabelgiji iliyopita hapa mwaka huohuo wa 1898, hakuwamo. Ni nahodha wake, Adrien de Gerlache, aliyeamua kumtunukia njia hii ya kilomita 11.

Tulijongea polepole kati ya kuta za mawe meusi, mito ya barafu ikiwa imening'inia juu yetu, kimya kikiwa kizito hata abiria wakawa wananong'ona. Nilitaka kufurahi, lakini moyo ulikuwa Katanga. Kwetu, mji ambao Wabelgiji waliubatiza Elisabethville uliitwa Lubumbashi mwaka 1966, kwa jina la mto wake, na wazee wetu walilishangilia. Huku hapakuwa na wenyeji, kwa hiyo hakuna jina la kurudisha. Milima ya Solvay ina jina la tajiri aliyechangia fedha za safari ya Belgica, na safu ya Osterrieth ina jina la mama mfadhili.

Jioni, tukirudi kaskazini, tulipita kando ya kisiwa cha Wiencke. Carl August Wiencke alikuwa baharia kijana wa Norwei, aliyesombwa na bahari kutoka Belgica Januari 1898; Lecointe, ofisa wa meli hiyo, aliteremshwa majini kumwokoa, asifaulu. Hakuwa ofisa wala tajiri, na hili ndilo jina pekee nililolitamka kwa sauti siku ile. Chai iliuzwa kwa bei ya kuumiza, lakini nilinunua kikombe, nikasimama nacho kwenye baridi mpaka ukungu ulipokifunika kisiwa chake.