Yashica ya 55,000: niitengeneze au niiache ilivyo

Wiki ya kwanza

Jumamosi nilienda Karume, soko la mitumba, kutafuta viatu nikarudi na kamera. Jamaa alikua ameitandaza chini kwenye turubai katikati ya pasi mbovu na maredio, nikaiona kwa mbali nikajifanya siioni, unajua tena ukionyesha umependa kitu umeshaliwa. Yashica Electro 35 GSN, ya mkanda (filamu), chuma kitupu, ukiishika mkononi unajua umeshika kitu. Akaanza na 90,000, nikasema 30,000, akacheka, tukaenda hivo hivo mpaka 55,000 pamoja na mfuko wake wa ngozi uliochanika mdomo. "Nzima kabisa hiyo bosi, ni betri tu." Aliyewahi kununua chochote mtumba anajua "ni betri tu" maana yake nini.

Kwa wasioijua: Electro ya kwanza ilitoka Japan 1966, hii GSN ni ya 1973. Lensi yake ni 45mm f/1.7, haibadilishwi, na hiyo lensi ndo inafanya watu waitafute mpaka leo. Sasa shida yake iko hapa: wewe unachagua apecha tu (tundu la kupitisha mwanga kwenye lensi, namba ya f ikiwa ndogo tundu ni kubwa), kasi ya shata, yani kile kipazia kinachofunguka na kufunga, inaamua kamera yenyewe kwa umeme. Hakuna mahali pa kuweka kasi kwa mkono. Umeme ukifa inabaki na kasi moja tu, 1/500 ya sekunde, basi, iwe jua iwe usiku.

Betri yake ya asili ilikua ya zebaki, volti 5.6, na hizo zilishaacha kutengenezwa siku nyingi. Ila volti 6 inaikubali bila shida, kwa hiyo nikachukua vile vibetri vya kikokotoo, LR44, vinne, nikavipanga kimoja juu ya kingine, nikavizungushia karatasi ngumu maana ni vyembamba kuliko shimo lenyewe, alafu urefu uliobaki nikajazia springi ya tochi. Nikafunga. Nikabonyeza kile kitufe cha nyuma cha kupima betri, pale kwenye namba za picha panatakiwa pawake kijani. Kimya.

Nikafungua tena, nikamulika ndani ya shimo la betri, kumbe pamejaa uchafu wa kijani kama sufuria ya shaba iliyosahaulika. Nikasugua na siki kwa pamba za masikioni, nikakausha, nikarudisha. Kimya vile vile. Usiku nikajaribu kipimo cha mwisho, apecha f/16, kamera nikaielekeza ndani ya kabati la nguo, giza totoro, nikabonyeza. Ingekua na umeme shata ingekaa wazi sekunde kadhaa. Ikafanya chik, mara moja, kwisha. 1/500. Umeme haufiki kabisa.

Wiki ya pili

Magomeni kuna mzee ana studio, saivi kazi yake ni pasipoti saizi na laminesheni, ila zamani alikua anapiga maharusi. Nikamwamkia, akaitikia huku macho yake yako kwenye mfuko wa ngozi tayari.

"Marahaba mwanangu. Hiyo umeitoa wapi?"

Hakungoja hata jibu. Akaichukua, akavuta kile kimkono cha kusogeza mkanda, taratibu, sikio karibu. Mwisho wa kuvuta ikalia klank, hivi kama komeo la geti dogo. Akatabasamu. "Umesikia? Hiyo ndo roho yake."

Akanielezea kwamba ndani kuna kipande kidogo cha mpira, na kwenye hizi Electro ndo ugonjwa mkubwa, mpira ukioza na uzee ule mlio unapotea na kamera inaanza kuchanganyikiwa, kasi haziaminiki tena, na kukibadilisha lazima uvue kofia yote ya juu na kupekua mle ndani. Yangu inalia. Kwa hiyo ugonjwa mkubwa sina, nina ugonjwa mdogo wa umeme. Nikafurahi, nikamuuliza basi mzee nipe bei ya kuitengeneza.

"Mie siitengenezi. Na ningekua wewe nisingeifungua. Una kasi 1/500, una jua la Dar es Salaam, unataka nini tena?"

Nikadhani ananitania. Akachukua kipande cha risiti akaandika: mkanda wa 400 (hiyo namba ni wepesi wa mkanda kushika mwanga), jua kali f/16, mawingu mepesi f/11, mawingu f/8, kivulini f/4. Akasema zamani hayo maelekezo yalikua yanachapwa ndani ya boksi la mkanda na ukishayakariri hiyo mashine ya kupima mwanga inakua anasa. Na kweli ukikaa ukafikiri, sheria inasema jua likiwa kali weka f/16 na kasi iwe sawa na namba ya mkanda, mkanda wa 400 kasi 1/400, mimi nina 1/500, tofauti ndogo ambayo mkanda hata hauioni. Yani hii kamera mbovu imeharibikia kwenye kasi ile ile ninayoihitaji mchana. Nilicheka peke yangu kwenye daladala.

Wiki ya tatu na ya nne

Binamu yangu wa London alinileteaga mikanda miwili ya Ilford HP5, nyeusi na nyeupe, ya 400. Nikaweka mmoja, betri nikazitoa kabisa ili nisijidanganye. Siku ya kwanza Feri kwa wauza samaki, siku ya pili panton la kwenda Kigamboni na kurudi. Picha 36 nilizimaliza kwa wiki mbili, maana kila nikitaka kubonyeza nakumbuka mikanda iko miwili tu.

Kusafisha mkanda, yani kuutoa picha kwa dawa, nilisafishia nyumbani. Mzee aliniazima tanki lake na akanipa "haipo" ya unga (dawa ya mwisho, ya kukaza picha) aliyokua amebakiza, ila dawa ya kwanza, ile ya kutoa picha, hakua nayo, kwa hiyo nikatumia kahawa. Sio utani. Kahawa ya unga ile ya kuyeyuka, vitamini C, na magadi, ila magadi nikayakaanga kwanza kwenye kikaango kikavu ili yawe makali. Wanafunzi wa chuo kimoja Rochester, Marekani, waligundua 1995 kwamba kahawa inasafisha mkanda na toka hapo watu wanaendelea tu. Harufu yake ni mbaya ajabu, kama kahawa iliyomwagwa juu ya samaki wa juzi, wife akafungua madirisha yote akaenda kukaa kwa jirani.

Picha zikatoka! 27 safi kati ya 36. Za kivulini karibu zote hewa, nilikua mwoga wa kufungua apecha. Nilizozielekea jua zina ukungu fulani mweupe, sikuelewa kwa nini. Na pembeni kuna michirizi ya mwanga, hiyo niliielewa maana zile sponji za kuzuia mwanga kwenye mlango wa nyuma zimegeuka lami, zinanata vidoleni. Nikazikwangua na njiti ya meno na spiriti, kwenye mfereji wa mlango nikalaza uzi mweusi wa sufu, kwenye bawaba nikabandika kipande cha mahameli. Hiyo haikunigharimu kitu.

Wiki ya tano, hapa ndo nikakwama

Nikaandika kwenye daftari. Kamera 55,000. Vibetri 4,000. Picha zinatoka. Kuifungua kuna hatari ya kukata kitu ambacho saivi kinafanya kazi, na kuituma kwa fundi wa nje gharama yake nanunua mbili kama hii. Mzee kasema niache. Kwa hesabu yoyote ya mtu mwenye akili jibu ni niache.

Ila Ijumaa nikaenda Tandika kwa mama. Mama usiku anakaa kwenye cherehani chake chini ya balbu moja, miwani imeshuka puani, redio ya chini chini. Hiyo picha nimeitaka miaka. Nje hapendi kupigwa, ukimtoa juani anasimama kama yuko polisi. Nikatoa kamera, nikachungulia, nikaweka f/1.7 mpaka mwisho, nikajua nadanganya tu, kwa 1/500 pale ndani hapatoki kitu. Sikubonyeza. Mama akauliza "mbona hupigi?" nikasema mbovu. "Sasa mbovu umeibebea nini?"

Wiki ya sita

Shemeji yangu ana kimeza Kariakoo, anatengeneza simu. Nilimwambia shem, mimi sitaki uguse juu, usiguse lensi, fungua kitako tu tufuate waya wa betri unaishia wapi. Akaiangalia kama nimemletea jembe. "Shem hii haina hata chaji."

Kitako kikatoka. Waya unaotoka kwenye shimo la betri umekua kijani mpaka ndani ya plastiki yake, akaugusa na koleo ukakatika kama tambi kavu. Pale pale nikajua siki yangu ya wiki ya kwanza ilikua ni kusafisha mlango wa nyumba iliyokatiwa umeme kwenye nguzo. Akakata mpaka alipokuta shaba safi, akachomelea waya mpya kwa risasi, na kile kibati cha shimoni akakikwangua akakipitishia risasi pia. Dakika 25 hivi, katikati akahudumia wateja wawili wa vioo. Nikarudisha betri, nikabonyeza cha nyuma.

Kijani.

Nilipiga kelele mpaka wa meza ya jirani akageuka. Tukaliziba kwa kidole lile jicho la kupima mwanga lililo juu ya lensi, f/16, nikabonyeza: chik... kimya... kimya... chak. Shem akasema ngoja rudia, tukarudia kama mara kumi. Hela alikataa, nikamnunulia chipsi mayai.

Sasa umeme ukirudi unaona na usiyotaka kuyaona. Usiku nikaweka kwenye B, ambapo shata inakaa wazi muda wote umebonyeza, nikafungua mlango wa nyuma, nikashikilia shata wazi na kumulika tochi kupitia lensi. Fangasi. Vinyuzi vyeupe kama utando wa buibui, katikati kabisa ya lensi, wala sio pembeni. Ndo maana zile picha za kuelekea jua zilikua na ukungu. Bila betri nisingeweza hata kuviona maana shata haikai wazi.

Hiyo siigusi, nimeshaamua. Kufika pale katikati ni kuvua shata yenyewe, na mimi na shem wote hatujawahi. Sitapiga kuelekea jua, na kamera nimeihamishia kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye viatu, nje ya ule mfuko wa ngozi ambao nashuku ndo ulikua unazifuga.

Jana

Tandika tena, mkanda wa pili. Mama kwenye cherehani. f/1.7, nikabonyeza nusu, taa ya njano ikawaka ndani ya kidirisha, maana yake kasi iko chini ya 1/30, kaza mkono. Nikaegemea mlango, nikavuta pumzi nikaishikilia. Chik... chak.

"Imepona?" Hakuinua hata kichwa.

Nikamwambia imepona kidogo. Zimebaki picha 11, nikizimaliza nakaanga magadi.