Nukuu Iliyosemwa kwa Kiswahili

Nilipochagua kusoma uandishi wa habari pamoja na lugha ya Kiingereza chuo kikuu, nyumbani walidhani nimeshindwa kuamua. Baba mdogo aliniuliza kwa nini Kiingereza, ambacho kwake ni lugha ya kusomea mambo mengine, kisomwe chenyewe mpaka shahada. Nilimtajia hayati Benjamin Mkapa, aliyehitimu shahada ya Kiingereza Makerere mwaka 1962, akahariri The Nationalist na baadaye Daily News, na hatimaye akawa rais mwaka 1995. Alicheka, akasema basi anasubiri kunitembelea Ikulu.

Jibu la kweli nililipata katika mafunzo kwa vitendo, nilipopangiwa gazeti la Kiingereza jijini Dar es Salaam. Karibu kila niliyemhoji, awe askari, dereva wa daladala au mwenyekiti wa mtaa, alizungumza nami kwa Kiswahili, lakini habari ilipaswa kutoka kwa Kiingereza. Kazi hiyo ya kuvusha maneno haikuwa na somo lake katika ratiba yetu. Wote walikuwa wamenionya kuhusu saa, kwamba saa mbili usiku kwa Kiingereza ni saa nane, nami nikawa makini mno na saa hata nikateleza kwingine. Katika ajali ya bodaboda, shahidi aliniambia kwamba majeruhi ameumia mguu na kwamba ndugu yake ndiye aliyempeleka hospitali. Kwa Kiswahili sentensi hiyo imekamilika. Kiingereza, hata hivyo, kilinidai nichague kati ya "leg" na "foot", kisha kati ya kaka, dada na binamu, na kila mahali Kiswahili kinapotosheka na "a-" tu, niamue kama ni "he" au "she". Nilibahatisha, nikaandika kaka. Asubuhi yake dada mtu alipiga simu chumba cha habari, na alikuwa na haki ya kufoka.

Kilichonisumbua zaidi ni alama za nukuu. Katika darasa la habari tulifundishwa kwamba kilichomo ndani ya alama hizo ni maneno yenyewe ya msemaji, bila kuongeza wala kupunguza. Katika darasa la Kiingereza tulichambua namna kauli halisi inavyogeuzwa kuwa kauli ya taarifa, nyakati zikirudi nyuma hatua moja. Hakuna aliyetuambia la kufanya pale msemaji alipokuwa hajatamka hata neno moja la lugha tunayomnukuu kwayo. Mama mmoja muuza samaki pale Feri aliniambia, "Mwanangu, hapa tunaganga njaa tu." Gazetini alisomeka akizungumza Kiingereza laini cha mtu aliyesoma, maana ikiwa ile ile lakini njaa yenyewe imetoweka, na "mwanangu" haikuonekana kabisa. Kwa maoni yangu, nukuu ya namna hiyo ingeandikwa kwa kauli ya taarifa, hata kama ukurasa utapoa kidogo. Mhariri wangu hakukubaliana nami, na sidhani kama amebadilika.

Isimu, yaani somo la kuchunguza lugha yenyewe, ambayo wenzangu wengi waliiona mzigo, ndiyo iliyonipa macho. Afisa akisema vibanda "vimebomoka" na mfanyabiashara akisema "vimebomolewa", tofauti yao imo katika viambishi vilivyofuata mzizi mmoja, lakini wa kwanza amesimulia jambo lililojitokea lenyewe, na wa pili amedokeza kwamba kuna mkono wa mtu. Mwandishi anayezifasiri kauli zote mbili kwa kitenzi kimoja cha Kiingereza ameshaamua kesi kabla hajafika aya ya pili, pengine bila kujua.

Siku hizi sifungi daftari kabla sijauliza ndugu huyo ni wa kike au wa kiume, amezaliwa tumbo moja na majeruhi au ni mtoto wa shangazi, na mguu umeumia juu au chini ya kifundo. Wiki iliyopita shahidi mmoja alinisikiliza mpaka mwisho, akanitazama viatu, kisha akaniuliza kwa upole kama kweli mimi ni mwandishi au nimetoka kituoni.