Nilivyozipanga picha za Priyadarshan, shemeji akiwa hakimu wa kujiteua

Kwetu Tanga kila sikukuu ubishi ni huohuo: katika vichekesho vya Kihindi alivyoongoza Priyadarshan, ipi ya kwanza? Shemeji anasema Hera Pheri, wifi anasema Bhool Bhulaiyaa, watoto wanapigia kelele Garam Masala, na mwenye sauti kubwa ndiye anayeshinda. Safari hii nikaamua tuzipange kwa utaratibu.

Bwana huyu wa Kerala, kusini mwa India, ana filamu zaidi ya 90 katika lugha kadhaa, kwa hiyo nilibakiza za Kihindi tu, tena za kuchekesha, kuanzia Hera Pheri ya 2000 mpaka De Dana Dan ya 2009. Ugomvi ukaanza papo hapo, maana Phir Hera Pheri ya 2006 nimeitoa. Aliiongoza Neeraj Vora. Shemeji alinitazama kana kwamba nimemdhulumu mirathi, ikabidi niiwashe TV asome majina mwenyewe.

Kura sikuitisha. Kwenye kura kila mtu huchagua picha aliyoiona utotoni. Nilizishindanisha mbilimbili, kwa swali moja: patashika ya mwisho imeletwa na nani? Maana picha zake karibu zote huishia kwenye kizaazaa, watu wote wamekusanyika mahali pamoja wanakimbizana. Kwangu mimi hunoga pale kila anayekimbia amefikishwa hapo na uongo wake mwenyewe.

Kwa kipimo hicho Hungama (2003) ilipanda kuliko nilivyotarajia. Msichana na kijana wamejifanya mke na mume ili wapate chumba cha kupanga, mwingine anamfukuzia msichana huyohuyo akidhani ni binti wa tajiri, na tajiri mwenyewe hana habari. Hakuna jambazi wa kumlaumu. De Dana Dan ikaporomoka, kwa sababu mwishoni hoteli inafurika maji, na maji ndiyo yanayomaliza hadithi.

Hera Pheri haikupata mpinzani. Watu watatu hawana kitu, wawili hata kodi hawamlipi wa tatu, Baburao mwenye nyumba. Mtekaji wa mtoto anakosea namba ya simu na kuwapigia wao, nao badala ya kukimbilia polisi wanageuka madalali: wamdai babu wa mtoto fedha zaidi, mtekaji apewe zake, cha juu kibaki kwao. Nani mjini asiyemjua mtu wa namna hiyo? Paresh Rawal, aliyemwigiza Baburao, alipata kwa hilo Filmfare, tuzo ya filamu za Kihindi, na hapo hata watoto walinyamaza.

Pingamizi zito lililetwa na mume wangu, ambaye kwa kawaida haongei. Hera Pheri yenyewe, alisema, imetokana na Ramji Rao Speaking ya 1989, picha ya Kimalayalam, lugha ya Kerala, iliyoongozwa na Siddique na Lal. Bhool Bhulaiyaa imetoka kwa Manichitrathazhu, picha iliyoongozwa na Fazil. Sasa tunampa sifa za nani? Nikamjibu kwamba Hungama na Garam Masala amezirudia kutoka kwenye picha zake mwenyewe za miaka ya 1980, na kwamba hadithi ya kuazima bado inahitaji mtu wa kujua nani aingie mlango gani, sekunde gani. Hakukubali sana. Sikumlaumu, hoja yake ina nguvu.

Bhool Bhulaiyaa niliiweka kando kabisa. “Wifi, ile inachekesha nusu tu,” nilimwambia, “na mwisho wake ni wa mwigizaji Vidya Balan, vichekesho vimeshakwisha.” Amekata rufaa.

Ya tatu ikawa Malamaal Weekly (2006), ile ya kijiji kizima kugawana siri ya marehemu aliyekufa na tiketi ya bahati nasibu mkononi. Mama mkwe ndiye aliyeipandisha juu ya Garam Masala. Alisema mwanamume mwenye wachumba watatu wahudumu wa ndege hamchekeshi hata kidogo, na hakuna aliyethubutu kumuuliza kwa nini.